Akiba ya Dakika ya Mwisho Hutoka Mfukoni mwa Nani?

Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Desemba, au Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, mji mzima huanza kusema neno moja. Utalisikia ndani ya daladala, utalisikia kwa kinyozi, utalisikia kwa mama ntilie: "Mwaka huu nabana." Wanaosema hivyo si mabahili. Wengi wao ni watu wema tu ambao mwaka umewaishia mkononi. Mshahara umeshakatwa madeni, mchezo waliupokea tangu Agosti ukaliwa na kodi ya chumba, na sasa sikukuu inabisha hodi. Mimi mwenyewe nimo katika kundi hilo, kwa hiyo swali ninaloleta hapa siliulizi kwa kejeli. Nauliza hivi: mtu anayesema "nabana" siku tatu kabla ya sikukuu, anambana nani?

Jibu la haraka ni kwamba anajibana mwenyewe. Hebu tulikalie kitako swali hili, maana mimi sikubaliani na jibu hilo hata kidogo.

Sisi tumelelewa na methali za akiba. Haba na haba hujaza kibaba. Akiba haiozi. Tuliziandika shuleni kwenye insha, tukapewa vyema nyekundu, tukaenda zetu. Lakini methali hizi zina kitu kimoja ambacho hatukukitazama, nacho ni muda. Anayetia sarafu kwenye kibubu kila jioni kuanzia Januari, kinachomfanyia kazi siyo sarafu tu, ni zile siku zenyewe. Mtu wa tarehe 22 Desemba hana siku. Haba zake zimebaki tatu, na haba tatu hazijazi kibaba chochote. Kwa hiyo pesa atakayoiokoa katika siku hizo haikukusanywa bali imehamishwa. Ilikuwa iende mahali fulani na sasa haiendi. Palikuwa na mtu aipokee na sasa hataipokea.

Mtu huyo ni nani? Nikitazama jinsi tunavyoishi hapa mjini, naiona mifuko mitatu ambamo akiba ya dakika ya mwisho inaweza kutolewa. Kuna mfuko wa yule anayekuuzia au kukufanyia kazi. Kuna mfuko wa yule anayekutegemea, yaani ndugu, mgeni, mtoto. Halafu kuna mfuko wako wewe. Kila anayebana lazima aingize mkono katika mmojawapo, na uadilifu wa kubana kwake unategemea aliuingiza wapi.

Kabla sijaendelea, nimjibu msomaji ambaye ameshaanza kunung'unika. Atasema: kwani lazima kusherehekea? Mtu kachacha, akae nyumbani ale ugali wake alale, sikukuu ni siku kama siku nyingine. Wanaosema hivi hujiona wana akili kuliko wengine, na siku hizi wamekuwa wengi. Mimi nawakatalia. Mtu anayekula ugali na dagaa siku mia tatu na sitini, siku moja akapika pilau, akawavalisha watoto nguo mpya na kumkaribisha jirani, huyo si mjinga. Anasema kwa vitendo kwamba yeye hakuumbwa kwa ajili ya kufanya kazi na kulipa madeni tu. Tajiri haihitaji sikukuu namna hiyo, kwa sababu pilau anakula hata Jumanne. Mlalahoi anaihitaji. Kumwambia aiache ni kumwambia akubali kwamba siku zake zote zifanane. Sikukuu basi ina haki yake, na hatuwezi kuikwepa shida yetu kwa kuifuta. Tuendelee na mifuko.

Mfuko wa kwanza ndio ulio karibu na mkono kuliko yote. Nenda Kariakoo tarehe 23, pita mtaa wa Kongo, kama utaweza kupita. Watu wamebanana kama dagaa, kila mmoja anapatana bei. Sasa nisieleweke vibaya. Kupatana bei ni mila yetu na ni mila nzuri. Muuzaji anataja bei akijua kwamba utapunguza, wewe unapunguza ukijua kwamba alizidisha, mnacheka, mnataniana, mwishowe mnafika mahali ambapo kila mmoja ameambulia chochote. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Lakini upo mchezo mwingine unaofanana na huo kwa sura na kutofautiana nao kwa roho. Ni pale unapojua kwamba mwenzako ana hofu, na ukaitumia hofu ile kama kisu.

Mama anayeuza nyanya jioni ya tarehe 24 ana hofu. Anajua kesho soko litakuwa tupu na keshokutwa nyanya zitakuwa zimelainika. Kijana wa machinga aliyejaza nguo za watoto ana hofu, kwa sababu mtaji wenyewe huenda aliukopa kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, na kausha damu hana sikukuu. Wewe unasimama mbele yao ukijua hayo yote. Unasema: "Mama, hizi kesho si utazitupa? Nipe kwa mia tano." Anakupa. Unaondoka ukijisifu kwamba umebana. Kwa kweli hukubana, ila umembana. Tofauti ni silabi moja tu, lakini katika silabi hiyo yumo mtu mzima na watoto wake, na wao pia wana sikukuu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa fundi cherehani. Mnamjua nyote, yule wa barazani. Vitenge vyetu tunampelekea tarehe 20 tukitaka nguo tarehe 24, naye hakatai, anakesha na taa yake na mguu wake kwenye kanyagio. Tarehe 24 jioni mteja anafika. Anaijaribu nguo, inamkaa vizuri, halafu anasema: "Fundi, mambo yamebana, chukua nusu, nusu nyingine Januari." Tazameni jinsi fundi alivyonaswa hapo. Muuza nyanya anaweza kukunyima nyanya akamuuzia mwingine. Fundi hawezi. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha kifua chako haiuziki kwa mtu mwingine. Ama achukue nusu, ama abaki na gauni la mtu likining'inia ukutani. Kwa hiyo anachukua nusu, na ile Januari wote tunajua inavyokuwa. Mteja yule akienda kwa wenzake atasema amejipanga, mwaka huu hakukopa. Kumbe amekopa, tena mkopo usio na riba, kwa mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kukopesha.

Na yupo dada wa kazi, ambaye hata kwenye mazungumzo haya huwa tunamsahau. Mwisho wa mwaka anataka kwenda kwao. Mwenye nyumba anampa nauli na nusu ya mshahara, anamwambia, "Nyingine utaikuta ukirudi." Anadhani anafanya hekima mbili kwa mpigo, amebana pesa na amehakikisha binti atarudi. Mimi naona kafanya jambo moja tu: sikukuu ya nyumba yake imelipiwa na binti wa watu.

Wengi wetu tunaojaribu kuandika hadithi fupi tunaijua ile ya Mmarekani O. Henry iitwayo "The Gift of the Magi", iliyotoka mwaka 1905. Ni mkesha wa Krismasi. Mke kijana, Della, ana dola 1 na senti 87 tu, na anataka kumnunulia mumewe zawadi. Anakata nywele zake ndefu anaziuza kwa dola 20, ananunua mnyororo wa saa ya mumewe kwa dola 21. Mume naye, bila kujua, ameiuza saa ile ili amnunulie mkewe vitana vya nywele. Kila anayeisoma husikitika na kufurahi kwa pamoja, na kwa haki kabisa, kwani wawili wale walitoa walichokipenda kuliko vyote. Lakini turudi mwanzo kabisa wa hadithi. Mwandishi anatueleza zile senti zilipatikanaje. Della alizikusanya moja moja kwa kushindana bei na mwenye duka, na muuza mboga, na muuza nyama, mpaka akawa anaona haya. Sisi tunazikumbuka nywele tukazisahau senti. Nywele zilikuwa zake, alikuwa na haki ya kuziuza. Zile senti zilikuwa za nani? Simhukumu Della, maana maskini kushindana bei na mwenye duka si dhambi. Nasema tu kwamba mtunzi yule hakuficha kwamba hata ndani ya zawadi ile safi mlikuwa na kitu kidogo cha watu wengine, na uso wa Della ulilijua hilo kabla ya akili yake. Na mimi nadhani haya ile ni kipimo kizuri. Ukipatana bei ukaondoka unacheka, mambo ni sawa. Ukiondoka umeinamisha uso, jiulize.

Najua pingamizi litakalokuja. Mbona hao wauzaji nao hupandisha bei sikukuu ikikaribia? Mbona kuku wa wiki jana si bei ya kuku wa leo? Mbona kwenye vituo vya mabasi wapiga debe wanakuuzia tiketi kwa bei ya kichaa? Ni kweli. Ila tusichanganye mama wa nyanya na mwenye basi. Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kilichopangwa na LATRA, na kuzidisha nauli ni kosa. Hapo kubana siyo ruhusa tu, ni wajibu. Kataa, dai tiketi yenye bei halisi, toa taarifa. Wanyonge wakibana kwa pamoja mbele ya mwenye nguvu, hiyo ni haki. Ajabu yetu ni kwamba kwa mwenye basi tunalipa kimya kimya kwa kuogopa kuachwa, halafu hasara ile tunaenda kuifidia kwa mama wa nyanya. Tunapigwa na mkubwa, tunampiga mdogo, jioni tunasema tumebana matumizi.

Tuje kwenye mfuko wa pili, wa yule anayekutegemea. Zamani kidogo mfuko huu ulilindwa na umbali. Ndugu wa mbali alikuandikia barua, barua ikachukua wiki, nawe ukamtumia bahasha kwa kondakta wa basi, ikifika imefika. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, umbali huo umekufa. Tarehe 24 saa tatu usiku ujumbe unaingia: "Kaka, hata ya sukari tu." Na pesa ukiituma inafika kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuna tena wa kumsingizia. Kwa hiyo watoto wa mjini wamebuni njia yao ya kubana: wanazima simu. Mtu anapotea tarehe 20, anafufuka tarehe 3 Januari akisema simu ilikuwa mbovu.

Hii nayo ni akiba, hatukatai. Pesa imebaki. Lakini tuone kilichotumika mahali pake. Ndugu yule hakujua kama umekosa au umekataa, kama u mgonjwa au u mzima. Alisubiri. Pengine alimwambia dukani, "Nipe kwanza, mdogo wangu atatuma." Wewe umeokoa elfu kumi, yeye ametumia heshima yake dukani. Mimi naamini kumwambia mtu "sina" ni jambo la kawaida kati ya watu wazima, na kumwambia "ninayo elfu tano, chukua mbili" ni jambo la heshima kubwa. Kumwacha asubiri hewa ndiko kunakouma. Kinachohitajika hapa siyo pesa nyingi, ni kutaja tarakimu. Tunaogopa kutaja tarakimu kwa sababu tarakimu yetu ni ndogo, na tumeshawafanya watu waamini kwamba mjini tunatanua.

Mgiriki Aristotle aliliandika jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics. Aliuweka ukarimu katikati, upande mmoja ubahili, upande mwingine ubadhirifu. Akasema kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kilichotolewa bali kwa uwezo wa mtoaji, hata anayetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko anayetoa kingi. Wahenga wetu nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini Aristotle aliongeza jambo ambalo mara nyingi tunaliruka: mkarimu hachukui pale asipostahili kuchukua. Nikilirudisha hapa uswahilini, nasema kwamba huwezi kuwa mkarimu kwa wageni wako kwa pesa ya fundi. Huo si ukarimu, ni kupokea sifa za mtu mwingine.

Sasa ndani ya mfuko huu wa pili yumo mtu mmoja ambaye hatumi ujumbe wala hapigi simu, naye ni mtoto wa Januari. Shule zinafunguliwa Januari. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka 2022, lakini sare haikufutwa, viatu havikufutwa, daftari hazikufutwa. Baba anayekaa kaunta tarehe 25 akiwaagizia watu bia huku akisema "ponda mali kufa kwaja" watu humwita mkarimu. Tazama vizuri, naye ameingiza mkono mfukoni mwa mtu. Amechukua viatu vya shule. Kwa hiyo msidhani nalaumu wanaobana tu. Anayetumia naye huchukua kwa mtu ambaye hayupo mezani, na mara nyingine yule anayebana na kusemwa vibaya na ukoo mzima ndiye pekee aliyemkumbuka mtoto wa Januari. Kubana siyo wema na kutumia siyo wema. Wema au ubaya unategemea nani anakosa ili nani apate, na kama aliyekosa alikubali.

Mfuko wa tatu ni wangu mimi. Hapa ndipo kila mtu anaposema amebana, na hapa ndipo wachache wanapobana kweli. Ukikaa na kuandika kwenye karatasi matumizi ya sikukuu, kila shilingi na sababu yake, utashangaa ngapi ni za tumbo na ngapi ni za macho ya watu. Suruali mpya ilhali ya Pasaka ingali nzima. Simu ya kukopa kwa awamu. Gari la kukodi la kwendea nyumbani Rombo au Marangu, ili wazee waseme kijana ameukata. Mchele, nyama, nauli, chumvi, hivyo havimfilisi mtu kama inavyomfilisi sentensi moja: "Watu watasemaje?" Ikiwa lazima kubana dakika ya mwisho, basi ni hapo pa kubana, maana hapo hakuna anayekosa chakula. Kinachopungua ni sifa peke yake.

Hata hivyo natoa tahadhari. Neno "sisi" lina hila. Baba anarudi nyumbani anasema, "Mwaka huu tunabana." Nani hasa? Yeye ataendelea kupita kwenye kahawa na kwa marafiki. Watoto hawatabanwa kwa sababu watalia. Anayebaki ni mama. Ni mama atakayeigeuza kilo moja ya nyama ikatosha watu tisa, na yeye mwenyewe akala mchuzi. Ni mama atakayevaa kitenge cha mwaka juzi akasema anakipenda. Mara nyingi tunapodhani nyumba imejibana kwa umoja, ukweli ni kwamba nyumba imembana mtu mmoja asiyelalamika. Basi anayesema "tunabana" aanze yeye kutaja alichokiacha. Akikosa cha kutaja, akae kimya.

Katika jambo hili mimi huvutiwa na utaratibu wa Waislamu wa Zakatul Fitri. Idd el Fitr kwa asili yake ni sikukuu ya dakika ya mwisho, kwa sababu hutegemea mwezi, na usiku ule wa kuandama mwezi mji wote unakimbia madukani. Lakini katikati ya mbio zile kuna kitu kinachotangulia. Kila mwenye uwezo hutoa pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani mwake, na hutolewa kabla ya swala ya Idd, siyo baada. Maana yake ni kwamba fungu la maskini halitoki katika mabaki ya sikukuu, linatangulia sikukuu. Ukijua umeshalitoa, unachobana baada ya hapo ni chako. Sisemi sote tuwe wa dini moja. Nasema mpangilio ule una akili. Sisi wengine tunaanza na suruali, tunafuata na nyama, tunamaliza na soda, halafu tunamtazama fundi na dada wa kazi tukisema, "Mambo yamebana." Hebu tungegeuza orodha hiyo juu chini. Tarehe 20 umlipe kwanza kila unayedaiwa naye kwa jasho lake. Kisha uweke kando ya mtoto wa Januari. Kisha utaje tarakimu kwa ndugu. Kitakachobaki, hata kikiwa cha maharage na nazi, kile kwa amani, ndiyo sikukuu yako.

Msomaji ataniuliza, na wewe unayetuhubiria, mwaka huu umefanyaje? Swali la haki. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina ajira ya kudumu, nashinda kwenye duka la kutoa fotokopi kwa malipo ya wiki. Nina mswada wa riwaya kwenye daftari saba za kaunta, na kwenye kibubu nimeweka laki moja na elfu arobaini za kununulia kompyuta iliyotumika, kwani hakuna mchapishaji atakayesoma mwandiko wangu. Mbali na hizo nilikuwa na elfu arobaini ya sikukuu. Mama yuko Muheza. Kwenda na kurudi, na kufika mikono mitupu haiwezekani, elfu arobaini isingetosha. Kibubu kilikuwepo, kinanitazama.

Nilimpigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, unakuja lini?" Nikamtajia tarakimu zote, ya kibubu na ya mfukoni, bila kuficha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kimya kile cha wazazi. Mama akacheka, akasema: "Kumbe ndiyo hiyo tu, nami naona watu wanarudi na mabegi makubwa nikadhani mna migodi huko. Basi usije. Nitumie elfu ishirini ninunue mchele, mdogo wako ataacha kuninung'unikia. Njoo Februari, mahindi ya vuli yatakuwa yamekauka na mabasi hayagombaniwi. Hizo daftari zako lakini, zina habari gani humo?" Tulizungumza juu ya riwaya mpaka salio likakatika.

Nasimulia haya kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo hoja peke yake haikunionyesha. Katika mazungumzo yale mama alikosa kitu, hatuwezi kusema hakukosa. Alimkosa mwanawe siku ya Krismasi. Kwa hiyo mkono wangu uliingia mfukoni mwake. Lakini aliona ninachochukua, akajua ninakipeleka wapi, akaruhusu, tena akapanga yeye mwenyewe ni kiasi gani na mpaka lini. Fundi aliyepewa nusu hakuruhusu. Ndugu aliyezimiwa simu hakuruhusu. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna akiba ya dakika ya mwisho isiyomgusa mtu, na anayedai amebana bila kumgusa yeyote bado hajatazama vizuri. Lililo katika uwezo wetu ni kumtazama tunayemgusa usoni na kumwambia.

Wapo watakaosema kwamba nimelifanya jambo dogo kuwa kubwa, kwamba mtu anayetafuta nafuu ya shilingi mia mbili kwenye fungu la nyanya hana haja ya falsafa. Mimi nawajibu kwamba ni katika shilingi mia mbili ndimo maskini na maskini hukutana kila siku. Mamilioni wanakutana nayo wengine. Kama tunataka kuandika riwaya za watu wetu na tukashindwa kumwona mama wa nyanya tunapopatana naye bei, sijui tutaandika nini. Na wewe unayesoma hapa, kabla hujasema mwaka huu unabana, andika jina moja tu kwenye karatasi: jina la atakayekosa. Likiwa ni lako, endelea. Likiwa si lako, mtafute umwambie.